SAE 30, 10W-30, 15W-40, 20W-50 au sintetiki: oili ipi kwa mashine yako ya kukata nyasi ya kukalia?

Muuzaji wa spea akikuuliza unataka oili namba ngapi, jibu la "ile ya kawaida" humtosha mwenye gari dogo. Kwa mashine ya kukata nyasi ya kukalia halitoshi, kwa sababu injini yake haiishi maisha ya gari. Haina rejeta wala maji; inapozwa na upepo ambao feni inausukuma juu ya mapezi ya silinda. Haipati nafuu ya foleni wala ya mteremko. Tangu unaposhusha visu hadi unapomaliza uwanja, gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) inaishikilia kwenye mizunguko 3,000 hadi 3,600 kwa dakika. Na mzigo huo wote unabebwa na oili kidogo: lita 1.4 hivi kwa injini nyingi za silinda moja, lita 1.9 hivi kwa nyingi za silinda mbili.

Piga hesabu uone. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwa mizunguko 2,500 humaliza kilomita 5,000 kwa saa 62 na nusu, na injini yake huwa imezunguka kama mara milioni 9.4. Mashine ya nyasi inayokwenda mizunguko 3,600 huzunguka mara milioni 10.8 kwa saa 50 tu. Ndiyo maana vitabu vya injini hizi huhesabu saa, na ndiyo maana kosa dogo la oili linaonekana mapema.

## Vigezo vya kupimia

Oili tano ndizo utakazokutana nazo: SAE 30 (SAE ni jumuiya ya wahandisi inayopanga namba za unene wa oili), 10W-30, 15W-40 ya dizeli, 20W-50, na sintetiki (5W-30 au 15W-50). Tutazipima zote kwa mambo matano: joto la mahali unapokata, kuwaka asubuhi, ulaji wa oili, saa itakazodumu ndani ya injini, na kupatikana kwake dukani ikiwa halisi.

Juu ya yote kuna kitabu cha injini. Angalia vizuri hapo: jina la kwenye boneti (John Deere, Husqvarna, Cub Cadet) mara nyingi si la aliyetengeneza injini. Injini yenyewe yaweza kuwa ya Briggs & Stratton, Kohler, Kawasaki au Honda, na modeli yake imegongwa kwenye kava ya feni au kubandikwa karibu nayo. Jedwali la oili la kufuata ni la injini hiyo.

Kwenye kopo, soma mambo mawili. La kwanza ni herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya ubora wa oili. Herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. Briggs & Stratton hutaka SF au zaidi; siku hizi SL, SN na SP zinapatikana, na zote zinapita kiwango hicho. Kopo lenye SA au SB, au lisilo na herufi kabisa, liache hapo hapo. La pili ni namba. Oili iliyoandikwa 2T ni ya kuchanganywa na petroli kwenye misumeno na mashine za begani. Ukiimimina kwenye sampu (chungu cha oili) ya injini hii umeiua. Oili ya 4T ya pikipiki ni jambo jingine: imetengenezwa ili isiteleze kwenye klachi iliyomo ndani ya oili, klachi ambayo mashine yako haina. Haina madhara, mradi namba na herufi zake zikubaliane na kitabu.

## Joto

Namba ya mwisho (30 kwenye 10W-30) hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi; ile yenye W huonyesha ilivyo kwenye baridi. Kwa viwango vya SAE, oili ya 30 huwa na mnato kati ya 9.3 na 12.5 sentistoki (kipimo cha mnato), ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo SAE 30, 10W-30 na 5W-30 zikishapata moto ziko kundi moja. Wengi hushangaa kwa nini basi kitabu kinazitenga.

Siri iko kwenye namna zilivyopikwa. SAE 30 ni oili yenye uzito mmoja: mafuta ya msingi yenyewe ndiyo yenye mnato huo. 10W-30 ya kawaida imeanzia kwenye mafuta mepesi zaidi, ikaongezewa polima zinazotanuka joto likipanda ili oili isilegee mno. Kwenye injini inayopozwa kwa upepo, ambamo oili inaweza kupita nyuzi 120 siku ya jua kali, yale mafuta mepesi ndiyo yanayotangulia kugeuka mvuke, na polima nazo hukatika kidogo kidogo kila zinaposagwa kati ya pistoni na silinda. Jedwali la Briggs & Stratton linaliweka wazi: SAE 30 ni kwa joto la kuanzia nyuzi 4 kwenda juu; 10W-30 inakubalika hadi nyuzi 38, lakini hewa ikipita nyuzi 27 tarajia injini kula oili zaidi, na ukague mara kwa mara. Nyuzi 27 kwa mtu wa Tanga au Mombasa ni saa tatu asubuhi.

20W-50 ndiyo nzito kuliko zote hapa. Majedwali ya Kawasaki huitaja kwa maeneo ya joto. Ya Briggs & Stratton kwa kawaida hayaitaji, na kuna sababu ya kuyaheshimu: injini ndogo ya silinda moja isiyo na pampu hupata oili kwa kijiko au gurudumu dogo la mapezi linaloichota na kuirusha ndani. Oili ikiwa nzito mno, mrusho huo huchelewa kufika juu kwenye vali dakika za mwanzo. Injini yenye filta ya oili ina pampu, kwa hiyo inaimudu 20W-50 vizuri zaidi.

15W-40 ikishapata moto iko daraja moja juu ya SAE 30. Kwa joto la Dodoma au Garissa inafanya kazi yake bila kulegea, ingawa si majedwali yote ya injini za petroli yanayoitaja. Sintetiki inashinda hapa kwa uthabiti: haigeuki mvuke haraka, na mafuta yake ya msingi hayahitaji polima nyingi. 5W-30 sintetiki inaruhusiwa kwenye baridi kali na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40, na 15W-50 sintetiki imetengenezwa kwa injini za kazi za kutwa.

## Kuwaka asubuhi

Pwani jambo hili halina uzito. Oili yoyote kati ya hizi itazungushwa na stata bila shida hewa ikiwa nyuzi 22. Lakini Njombe na Makete wakati wa Juni na Julai, au Limuru alfajiri, mambo hubadilika. Chini ya nyuzi 4, SAE 30 huifanya injini iwake kwa taabu. 20W-50 huwa nzito zaidi, na betri iliyochoka itaishia kutoa sauti ya "tik" tu. 10W-30 na 15W-40 hupita bila tatizo. 5W-30 sintetiki ndiyo nyepesi kuliko zote asubuhi, na kwa Waswahili walioko Minnesota au Ontario, ambako msimu wa kukata unaanza hewa ingali na ubaridi, hiyo ni faida ya kweli.

Kidokezo kimoja: stata ikizungusha kwa shida kwenye hewa ya joto, usilaumu oili. Safisha vichwa vya betri, kisha kagua waya wa ethi.

## Ulaji wa oili

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Injini inayobeba lita 1.4 za oili ikipoteza nusu lita imepoteza zaidi ya theluthi. Ukiwa kwenye mteremko, kilichobaki hukimbilia upande mmoja, pampu ikafyonza hewa, konrodi (fimbo inayoshika pistoni) ikakauka, na injini ikanoki kabla hujamaliza mstari. Mashine nyingi za kukalia hazitakiwi kupandishwa mteremko unaozidi nyuzi 15. Sababu kuu ni hatari ya kupinduka, lakini oili nayo inafaidika.

Kwa injini nzima, oili zinazoliwa kidogo ni sintetiki, SAE 30 na 20W-50. 15W-40 iko katikati. 10W-30 ya kawaida ndiyo inayopotea haraka kwenye joto. Si kwamba ni mbaya. Inamtaka mtu anayechomoa stiki (kijiti cha kupimia oili) kila anapowasha. Kama mashine yako inaendeshwa na watu watatu tofauti na hakuna aliyepewa jukumu la kukagua, usiwape 10W-30 kwenye jua la Bagamoyo.

Kukagua kwenyewe kuna kosa lake. Stiki nyingine husomwa ikiwa imekazwa hadi mwisho, nyingine ikiwa imekalishwa tu bila kukazwa. Ukikosea unaweza kuzidisha au kupunguza robo lita bila kujua. Kitabu kinasema ni ipi. Oili ikizidi, fimbo inayozunguka huipiga ikawa povu, na ile inayopanda kwenye bomba la kupumulia hulowesha filta ya hewa na kutoa moshi wa buluu. Fundi asiyeangalia atakuambia ringi za pistoni zimekwisha.

Na oili ikionekana kupanda yenyewe kwenye stiki, inuse. Harufu ya petroli ina maana kwamba sindano ya kabureta haifungi, na petroli ya tangi inashuka usiku hadi kwenye sampu. Usiiwashe. Tengeneza kabureta, weka koki ya petroli kama haipo, kisha mwaga oili yote. Iliyochanganyika na petroli haishiki beringi hata ingekuwa ya bei gani.

## Itadumu saa ngapi

Injini mpya humwagwa oili ya kwanza baada ya saa 5 hadi 8, kwa sababu ya vumbi la chuma la kuzoeana. Baada ya hapo, kwa oili za kawaida zote nne, shika saa 50 kwa injini isiyo na filta na saa 100 kwa yenye filta, au mara moja kwa mwaka, lipi litangulie. Ardhi yenye vumbi na nyasi kavu inapunguza muda huo. Kwa viwanja vya Singida wakati wa kiangazi tungekata nusu bila kusita.

15W-40 ya dizeli ina sabuni nyingi ya kusafisha masizi, kwa hiyo hugeuka nyeusi mapema. Weusi huo si dalili ya kuharibika. Ni uchafu ulioshikwa ukaelea badala ya kuganda ndani.

Kuhusu sintetiki, wengi hudhani bei yake inanunua muda mrefu zaidi. Briggs & Stratton husema waziwazi kwamba kutumia sintetiki hakubadilishi ratiba ya kumwaga oili. Kohler wana oili yao ya 10W-50 sintetiki ya saa 300, lakini ni kwa injini zao zilizotajwa, pamoja na filta yao maalumu. Nje ya mpango wa namna hiyo, unacholipia ni kinga dhidi ya joto, na saa zinabaki zile zile.

## Kupatikana na gharama

20W-50 na 15W-40 zimejaa kila mji wenye matatu, daladala na malori, na hiyo ni sifa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Oili nzuri kiasi iliyo halisi ni bora kuliko oili bora iliyochakachuliwa. 10W-30 utaipata kwenye vituo vya mafuta na maduka ya miji mikubwa. SAE 30 ndiyo inayosumbua: maduka mengi yana namba 40, hivyo tafuta 30 kwa wauzaji wa mashine za bustani, jenereta na pampu za maji. Ukiiona, nunua ya mwaka mzima. Sintetiki huuzwa mara mbili ya oili ya kawaida au zaidi.

Dumu la lita 4 linatosha kumwaga oili mara mbili kwenye injini inayobeba lita 1.9 za oili, na linabaki tone la kuongezea. Ununuapo, kagua kifuniko kama lakiri yake haijakatwa, tafuta alama ya TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya), na jihadhari na oili inayopimwa kutoka kwenye pipa.

## Namna ya kubadilisha

Hatua ni zile zile kwa oili zote tano. Egesha mashine pasawa, iache ingurume dakika 5 ili oili ilegee, zima, kisha chomoa waya wa plagi. Futa vumbi kuzunguka mdomo wa stiki kabla ya kuifungua. Nyasi moja iliyoangukia ndani inatosha kuziba njia. Mwaga hadi matone yakome. Kama kuna filta, ifungue, paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza nusu mzunguko hadi robo tatu. Jaza pungufu kwa robo lita kuliko kitabu kinavyosema, washa nusu dakika, zima, subiri dakika mbili, kagua, malizia. Oili chafu ipeleke gereji wanakokusanya. Usiimwage shambani wala mtaroni.

Usipojua injini ilikuwa na oili gani, usiogope mabaki kuchanganyika. Oili za injini zenye viwango vya API huchanganyika bila kudhuriana. Kasha la gia za haidrostatiki (zinazoendesha magurudumu kwa mgandamizo wa oili) ni kitu kingine kabisa: lina oili yake, mara nyingi 20W-50, na halihusiani na unachochagua kwa injini.

## Kwa hali yako

Unakata uwanja wa nyumbani pwani, saa mbili tatu kwa wiki, na unaendesha mwenyewe: SAE 30 inakufaa vizuri kwa gharama ndogo. Ukiikosa, chukua 15W-40 yenye herufi za pande zote mbili, mfano CI-4/SL, na ushike ratiba ya saa 50.

Unaishi nyanda za juu, asubuhi ni baridi na mchana hauvuki nyuzi 27: 10W-30 iko mahali pake hasa. Haitakula oili kama inavyofanya pwani, na injini itawaka kwa urahisi.

Shule, hoteli au klabu ya gofu ambako mashine inakata kutwa na madereva wanapokezana: lipia sintetiki, 15W-50 kama injini ni ya kazi nzito na kitabu kinaikubali, 5W-30 kama sivyo. Mteue mtu mmoja anayechomoa stiki kila asubuhi na kuandika saa. Kila saa 100, au mapema kwenye vumbi, fungua kava ya feni na uondoe nyasi zilizojishindilia kwenye mapezi. Oili haiwezi kupoza injini iliyofunikwa blanketi.

Maskati na Ghuba kwa jumla wakati wa kiangazi: sintetiki, au 20W-50 kwa injini ambayo kitabu chake kinaitaja. Kateni alfajiri.

Marekani na Kanada: 5W-30 sintetiki inakwenda msimu mzima bila kubadilisha namba. Anayetaka kubana matumizi aweke 10W-30, na akague zaidi Julai na Agosti. Mwageni oili kabla ya kufungia mashine kwa majira ya baridi, kwa sababu asidi na maji yaliyomo kwenye oili chafu hula beringi miezi yote hiyo ya kulala.

Mashine ya dizeli, kama Kubota za viwanja vikubwa: hapa 15W-40 ndiyo yenyewe, na herufi ya kutazama ni C. Usiweke oili yenye S peke yake.

Injini kuukuu inayokula oili na kutoa moshi: 20W-50 inaweza kukusogeza msimu mmoja, hasa yenye pampu. Lakini kabla ya kuhukumu ringi, fundi apime kwanza mambo matatu: oili isiwe imezidi, bomba na vali ya kupumulia visiwe vimeziba, na gasketi ya kichwa isiwe imeungua upande wa tundu la fimbo za vali. Kwenye injini za silinda moja, gasketi hiyo ikiungua, mgandamizo huingia kwenye sampu na kusukuma oili nje, na moshi wake hauna tofauti na wa ringi zilizokwisha. Gasketi ni kazi ya siku moja. Ringi ni kufungua injini yote.